Mbona maputo ya Serengeti yanakimbia jua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Mugumu. Shuleni tulifundishwa kwamba hewa ya moto hupanda juu. Sasa mbona maputo ya watalii yanaruka alfajiri kwenye baridi, na jua likishakolea huyaoni tena? Si ndiyo yangepaa kirahisi?

JIBU: Marahaba, fundi. Kosa ni letu walimu. Hiyo “hewa ya moto hupanda” nimeiandika ubaoni miaka nenda rudi, nikaiacha nusu. Hewa ya moto haijipandishi. Inasukumwa na ile ya baridi iliyoizunguka, kama maji yanavyoyainua mafuta ya taa. Nje pakipata joto, msukumo unapungua.

Tupige hesabu. Seronera, katikati ya hifadhi ya Serengeti, iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri yenye nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa pale ina gramu 1,020 hivi. Ndani ya puto, kwenye nyuzi 100, ina gramu 790 tu, maana puto liko wazi chini na hewa ikitanuka inayozidi hutokea mdomoni. Zile gramu 230 za tofauti ndizo zinazobeba mzigo. Nje pakifika nyuzi 30, zinabaki kama 180. Kwa puto la mita za ujazo 10,000 umeshapoteza nusu tani: watalii sita na kamera zao! Kuongeza moto nako kuna mwisho, kitambaa chenyewe ni nailoni.

Niliwahi kusimama karibu likijazwa. Lilikuwa limelazwa kwenye nyasi zenye umande, feni ikilipulizia hewa baridi kwanza. Rubani akafungua gesi, moto ukanguruma, na lile kapu lililolala ubavu likainuka taratibu. Nilikuja na koti, nilivua.

Halafu kuna upepo. Puto halina usukani, huenda unakolipeleka. Jua likichoma ardhi, mwamba hushika moto kuliko majani, hewa ikaanza kupanda hapa na kushuka pale. Puto lingerushwarushwa, na wakati wa kutua kapu lingeburuzwa. Tumbusi ndio wanaoipenda hewa hiyo. Asubuhi huwaona wamejikunyata mitini wakiingoja. Kesho, ukiwaona wanazunguka angani bila kupiga bawa, tazama chini: maputo yameshakunjwa.