Alama yetu ilifutwa, jina likabaki

Mjomba ndiye aliyenipigia simu. "Mwanangu, jina mmeliuza?" Alikuwa Marikiti, Mombasa, mkononi ana pakiti ya viungo vya pilau: picha ya kinu na mchi kama ya pakiti zetu, jina letu isipokuwa herufi moja, na kijani kilichokoza kidogo.

Nikacheka. Alama yetu ya biashara imesajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama hizo, tangu Machi 2011, nani atathubutu? Usiku nikakitoa cheti kwenye sanduku la mama, nikapiga hesabu. Usajili Kenya ni wa miaka 10, na huanza kuhesabiwa siku ya kupeleka ombi, si siku cheti kinapotoka. Wetu ulikuwa umekwisha, na alama ilishaondolewa kwenye rejesta miezi minane nyuma. Wakala tuliyemtumia alikuwa amehama ofisi na sanduku la posta bila kutwambia. Na sisi hatukumjulia hali miaka yote hiyo, kwa hivyo lawama tugawane.

Jirani mmoja mjuaji akaniambia, "Basi, kwisha habari yenu." Si kweli. Alama ikitoka kwenye rejesta, unachopoteza ni uwezo wa kumshtaki mtu kwa kuingilia alama iliyosajiliwa. Ile ® nayo iondoe haraka, maana kuibandika kwenye alama isiyosajiliwa ni kosa la jinai. Sisi tulikuwa na katoni nzima za lebo zilizokwisha chapishwa. Tulikaa sebuleni na watoto wiki nzima tukiiziba kwa stika, vidole vinanuka gundi na bizari.

Lakini sifa uliyojijengea sokoni haifutwi na msajili. Sheria inakuachia njia ya kumshtaki anayeuza mali yake kwa kuwahadaa wateja kuwa ni yako, hata kama huna cheti. Tofauti ni kwamba ukiwa na cheti, cheti kinakusemea. Ukiwa huna, unathibitisha kila kitu mwenyewe. Ndiyo maana nasema: usiache kuuza hata wiki moja, wala usitupe karatasi.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Alama ikiondolewa kwa kutolipiwa ada, kwa mwaka mmoja baada ya hapo msajili huihesabu kama bado imo anapopima maombi ya wengine. Kinga hiyo huanguka ikionekana hukuitumia kwa dhati miaka 2 kabla ya kuondolewa, au kwamba wateja hawawezi kuchanganyikiwa. Tulibakiwa na miezi minne. Nikazunguka maduka ya jumla hadi Malindi kuomba nakala za risiti. Mzee mmoja alizitoa kwenye kopo la Kimbo, zimefungwa kwa mpira, moja moja kwa tarehe. Hizo ndizo zilizotuokoa.

Aliyefutiwa kwa kutoitumia alama miaka 5 hana pa kushika kama sisi, kwani risiti atazitoa wapi?

Na ukiuza Tanga, cheti cha Nairobi hakivuki mpaka wa Lungalunga. Tanzania Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, ndipo unahuisha kwa 10, na Zanzibar wana rejesta yao.

Ombi letu jipya nimelipeleka kwa anwani yangu mwenyewe. Tarehe ya kuhuisha mama ameiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa ghala, na amekataza mtu yeyote kupaka rangi.