Dharma imeandikwa wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tanga. Jirani yangu Mhindu, kila nikimuuliza kwa nini anafanya jambo fulani, hunijibu, "Ni dharma." Nilipomuuliza imeandikwa aya gani, alicheka tu. Nikatafuta tafsiri ya Rigveda, nikakuta nyimbo za kuwasifu Agni na Indra, sheria sikuiona. Je, dharma inatoka kwenye maandiko yao au haitoki?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Dharma, yaani mwenendo unaompasa mtu, inatoka humo, ila si kwa njia unayoitafuta. Umeuliza kama tulivyolelewa sisi: kuna Kitabu, ndani yake kuna aya, na aya ndiyo hukumu. Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko yao matakatifu ya kale, ina nyimbo 1,028, na hata ukizimaliza zote hutakuta mpangilio wa maisha ya mtu tangu anapoamka. Amri za Veda nyingi ni za kafara: nani amimine samli, saa ngapi, kwa maneno gani. Nazo ziko zaidi kwenye maandiko ya nathari yaitwayo Brahmana.

Wanazuoni wao waliliona pengo hilo zamani. Manusmriti, kitabu cha kale cha dharma kiitwacho pia Manu, sura ya 2, inataja mizizi ya dharma: Veda yote, kisha smriti, yaani yaliyokumbukwa, pamoja na mwenendo wa wanaoijua Veda, kisha desturi za watu wema, mwisho, kuridhika kwa nafsi. Aliyesoma fiqhi atakumbuka Kurani, Sunna, ijmaa na kiyasi. Mfanano upo, lakini usiung'ang'anie. Shule ya Mimamsa, ya wanazuoni wa kufafanua Veda, ambayo ndiyo usuli wa jambo hili, inashikilia kwamba Veda haikutungwa na yeyote, hata Mungu. Haina msemaji, basi hakuna wa kukosea wala wa kudanganya.

Kwa Jaimini, mwasisi wa Mimamsa, dharma ni jema linalojulikana kwa amri ya Veda. Na desturi ambazo Veda haizitaji? Jibu lao lina ujanja: ikiwa wajuzi wa Veda wanazishika, lazima kuna kifungu cha Veda kilichokuwa msingi wake, hata kama leo hakionekani. Desturi huhesabiwa kuwa na aya mpaka igongane na aya iliyopo.

Zikigongana je? Shabara, mfafanuzi wa Jaimini, ana mfano mmoja. Kwenye kafara ya soma, kinywaji kitakatifu cha mmea, husimamishwa nguzo ya mti wa udumbara, jamii ya mikuyu. Smriti inasema nguzo yote ivishwe kitambaa. Veda inasema mwimbaji aiguse huku akiimba. Sasa nguzo iliyofunikwa juu mpaka chini utaigusaje? Shabara anaiangusha smriti, halafu anaongeza neno ambalo hunichekesha kila ninapolifundisha: huenda kuhani fulani alikuwa anakitamani kile kitambaa.

Kwa hiyo wanaodhani Wahindu hufuata desturi kwa kufumba macho hawajamsoma Shabara. Apastamba naye, katika kitabu chake cha dharma, anasema dharma na adharma, yaani kinyume chake, hazizunguki zikijitangaza "sisi hawa hapa". Linalosifiwa na waungwana likitendwa ndilo dharma. Jirani yako kacheka kwa sababu hiyo hiyo, hata kama hajawahi kumsikia Apastamba.

Swali lako, kwa taarifa yako, liliwahi kuulizwa na watu wenye mamlaka. Mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wa Waingereza huko Bengal, aliagiza Wahindu wahukumiwe katika mambo kama ndoa na mirathi kwa maandiko yao. Mahakama zikahitaji kitabu cha kushika mkononi, na mwaka 1794 William Jones akatoa Manu kwa Kiingereza. Kitabu kilichokuwa kimoja kati ya vingi, chenye wafafanuzi waliobishana juu yake, kikaanza kuonekana kama msahafu wa sheria. Uzito huo haukumpendeza kila mtu: tarehe 25 Desemba 1927, kule Mahad, India, Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka la chini, na wenzake walikichoma moto hadharani kwa yale kinayosema juu ya tabaka.

Wapo pia Wahindu watakaokujibu kwa aya. Arya Samaj, jumuiya ya Wahindu wa mageuzi waliofika Nairobi mwaka 1903, wanairudisha dharma kwenye Veda na kukataa mengi yaliyoongezwa baadaye. Jirani yako, kwa unavyomweleza, si wa huko. Akikwambia tena "ni dharma," muulize alijifunza kwa nani. Hapo hatacheka, andaa chai, maana atakutajia bibi, babu na guru wa familia.