Kuna maneno ya Kijerumani hayakanushiki, usiyalazimishe

Mwaka wangu wa kwanza Berlin, Jumapili moja nilikwenda soko la mitumba la Mauerpark kutafuta taa ya mezani. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akaiwahi taa niliyoitolea macho. Akaigeuza, akasoma kikaratasi cha bei, akamwambia muuzaji, akilalamikia bei: "Ist das nicht ziemlich teuer?" Muuzaji akaguna, akapunguza euro 5, taa ikaondoka. Mimi nikabaki na sentensi. Nikaitia kwenye daftari: nicht ziemlich, yaani "si sana". Nilijiona mjanja, maana nimeiokota mdomoni mwa Mjerumani mwenyewe, wala si kitabuni.

Jumatano yake mama mwenye nyumba akaniita jikoni kwake tule supu ya dengu. Alikuwa ameitia pilipili kwa heshima yangu, akaniuliza kama imezidi. Nikajibu kwa kujiamini: "Nein, die Suppe ist nicht ziemlich scharf." Nilidhani nimesema supu si kali sana. Hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyeuma kijiwe kwenye wali, akaweka kijiko chini, akanirekebisha polepole: "Nicht besonders scharf, meinst du?" Nikamuuliza kosa liko wapi. Alifikiri mpaka supu ikaanza kupoa. Jibu lake: hatusemi hivyo, basi.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nalipwa kwa saa kutunga sentensi mbovu za aina hiyohiyo, nikiwa mwanafunzi msaidizi kwenye maabara ya isimu. Huku tunaitwa Hiwi, kazi ya kubeba mizigo ya utafiti wa wakubwa. Ndiyo maana wadogo zangu wanaojiandaa kuja huku kwa uuguzi au masomo wakinitumia sentensi zilizokatwa kwa kalamu nyekundu, mara nyingi nalitambua kosa kabla sijamaliza kusoma. Limetokana na lugha kuwa na maneno yanayoukimbia ukanushi, na vitabu vingi vya kujifunzia haviyataji kama kundi.

Tuanze na hilo ziemlich. Ni neno la kupoza kauli. Ukisema mtihani ulikuwa ziemlich schwer, unasema ulikuwa mgumu wa kutosha, ila hutaki kufika mpaka "mgumu sana". Sasa lipachike nicht, yaani "si". Umesema hata ule ugumu wa wastani haukuwepo, na hiyo ni kauli kali, wakati neno lenyewe uliliita lije kupoza. Kazi yake imekufa mkononi mwako. Mjerumani akitaka kupoza kwenye ukanushi ana neno jingine kabisa: nicht besonders, au nicht sonderlich. Na hilo sonderlich nalo lina kiburi chake, kwa kawaida halikai bila ukanushi. Huwezi kusifu supu kuwa sonderlich gut.

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo, na mengine yote yanautegemea huu: ukijifunza neno la aina hii, liandike na mwenzake anayelipokea kwenye ukanushi. Usiandike sogar peke yake. Andika sogar na nicht einmal, kwa sababu "hata Juma alikuja" inatumia la kwanza na "hata Juma hakuja" inataka la pili. Schon (tayari) ukurasa mmoja na noch nicht (bado). Kuna mengine hayana mwenzake, ila yana kiti chao: hoffentlich (natumaini) na leider (kwa bahati mbaya) yanakaa juu ya ukanushi. Hoffentlich nicht ni sawa, nicht hoffentlich hakuna. Durchaus, neno la kusisitiza kama "kwa kweli", nalo hivyohivyo, durchaus nicht inasikika kila siku, lakini geuza mpangilio uone uso wa mama mwenye nyumba.

Sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Rafiki akiwa ameshafika, unasema ameshafika. Akiwa bado, unasema hajafika. Hakuna mtoto aliyefundishwa kuwa ile "-sha-" inatoka mlangoni ukanushi unapoingia, na hakuna anayesema "hajashafika". Angalia na neno baadhi. "Sikuwaona baadhi ya wanafunzi" haimaanishi kwamba sikuona hata mmoja. Inamaanisha wapo fulani ambao sikuwaona, na wengine niliwaona. Neno limeruka juu ya ukanushi likakaa huko. Ukitaka kusema hukuona hata mmoja, unamwita yeyote. Kwa hiyo ukichoka na ziemlich, jiulize tu ungejisikiaje Mjerumani akikuambia "sijashakula".

Sasa maabara. Jibu la mama mwenye nyumba, kwamba hatusemi hivyo basi, ndilo hasa wanaisimu wanataka kulipima badala ya kuliamini. Njia nyepesi ni kumpa mzawa wa lugha sentensi moja moja, aipe alama kuanzia 1 mpaka 7 kwa jinsi inavyomkalia sikioni. Njia nyingine ni kumwekea sentensi kwenye kompyuta neno kwa neno, abonyeze kitufe kila akitaka neno linalofuata. Akikwama, milisekunde zinamsema. Na ipo ile ya kofia yenye elektrodi, jeli kichwani, mtu anatoka pale moja kwa moja kwenda kuosha nywele. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard walionyesha kwamba mtu akisoma sentensi inayoishia kwa neno lisilofaa, mfano mkate uliopakwa soksi, ubongo unatoa wimbi fulani kiasi cha milisekunde 400 baada ya neno hilo. Wimbi hilo linaitwa N400.

Mwaka 2004 watafiti wa Potsdam, Douglas Saddy, Heiner Drenhaus na Stefan Frisch, walitumia kofia hizo kwa Kijerumani, wakalinganisha maneno mawili yenye tabia kinyume: jemals, linalohitaji ukanushi, na durchaus, linaloukataa. Sentensi zao zinahusu mwanamume mwenye ndevu, na kwenye maabara nyingi za huku yule bwana ni maarufu kuliko wabunge. Kein Mann, der einen Bart hatte, war jemals glücklich: hakuna mwanamume mwenye ndevu aliyewahi kuwa na furaha. Hiyo inapita. Weka durchaus mahali pa jemals, sentensi inavunjika. Makosa ya pande zote mbili yalionekana kwenye mawimbi ya ubongo, ila hayakuacha alama moja. Kwangu hilo ndilo la kupendeza: kulinyima neno ukanushi linaouhitaji, na kulitwika neno ukanushi linaoukataa, si kosa moja lililogeuzwa upande.

Na yule bwana ana kituko kingine. Ukisema "Ein Mann, der keinen Bart hatte, war jemals glücklich", yaani mwanamume asiyekuwa na ndevu aliwahi kuwa na furaha, sentensi ni mbovu, kwa sababu keinen imejificha ndani ya kishazi na haina mamlaka juu ya jemals. Hata hivyo Wajerumani wenyewe wanadanganyika mara kwa mara, wanaipitisha kana kwamba ukanushi wowote ulio jirani unatosha. Ukiteleza hapo kwenye mtihani, usilie peke yako.

Kazi yangu ya kwanza kama Hiwi ilikuwa kutunga seti 24 za sentensi za durchaus na ziemlich. Nilizitunga usiku mmoja. Badilisha ein iwe kein, au ongeza nicht, nenda inayofuata. "Der Film war durchaus sehenswert", "Der Film war nicht durchaus sehenswert". Nikawapa wenzangu watano wa ofisini wazijaribu kabla ya jaribio lenyewe. Sentensi za ukanushi walizipa alama za chini, nikafurahi. Kisha nikatazama zile za kawaida, ambazo zilipaswa kuwa safi, nazo zilikuwa zimenuniwa pia. Mmoja alikuwa ameandika pembeni: nani alikuwa anabisha?

Alinifunza kitu. Durchaus ni neno la kumjibu mwenye shaka. Filamu ni durchaus sehenswert, yaani inafaa kweli kutazamwa, pale tu ambapo mtu alidhani haifai kutazamwa. Ukiitoa sentensi hewani bila mwenye shaka, inayumba hata bila ukanushi, na wewe huwezi tena kujua alama ya chini imetoka wapi. Wamelikataa neno kwa sababu ya nicht, au wamelikataa kwa sababu halina wa kumjibu?

Nikaona nimepata dawa: kila sentensi niitangulizie kisa kifupi. Na hapo nikaharibu zaidi. Kwenye seti za ziemlich niliandika utangulizi kama huu: wote wanasema supu ni ziemlich scharf. Halafu: "Die Suppe ist nicht ziemlich scharf." Wenzangu sasa wakazipa sentensi mbovu alama nzuri! Nilikaa na karatasi zile kama mtu aliyehesabu chenji mara tatu na bado haikai.

Mkuu wangu alitazama mara moja tu. Neno likishatajwa kisha mtu akalikanusha, hakanushi tena hali ya supu, anakanusha neno lililotumiwa na mwenzake. Anamrudishia kauli yake: si "ziemlich", hebu sema ukweli, inaunguza! Kwa mwendo huo hata neno kaidi kuliko yote linakanushika, kwa sababu limenukuliwa tu. Kwa hiyo kisa kinatakiwa kimlete mwenye shaka bila kulitaja neno lenyewe. Nilirudia seti zote 24, na safari hii haikuwa usiku mmoja.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufanya jaribio kama hili kwa Kiswahili, na nakuomba ufanye, maana hizo "-sha-" na baadhi na labda zina kazi ya miaka: tunga sentensi ya kawaida kwanza, uhakikishe inapendeza, ndipo uikanushe. Changanya sentensi nyingi za kujazia, nzuri na mbovu zisizohusiana, ili mtu asinuse unachokitafuta. Asione sentensi ileile katika sura zake zote mbili. Sura moja apewe huyu, ya pili apewe mwenzake. Na usiwaulize walimu wa lugha peke yao. Mwalimu atakueleza kanuni, wewe unataka kile kijiwe kwenye wali.

Narudi kwa yule mama wa Mauerpark, kwa sababu daftari langu halikudanganya: alisema nicht ziemlich, na alisema sawasawa. Tofauti ni kwamba aliuliza, na swali lake halikuwa swali. "Ist das nicht ziemlich teuer?" maana yake ni kwamba bei iko juu, tukubaliane. Nicht pale haikanushi chochote, inakusukuma useme ndiyo. Kwetu ni ile "si" ya "si afadhali ukae?" Hakuna anayesikia hapo kwamba kukaa si afadhali. Lakini jaribu kumwambia mtu kwa kauli ya kawaida, "si afadhali wewe ukae", uone atakavyokutazama. Mlango mwingine ni sentensi za masharti: "Wenn er nicht ziemlich müde wäre, käme er mit", asingekuwa amechoka hivyo angekuja nasi. Humo ziemlich linakaa chini ya nicht bila taabu, kwa sababu sharti lenyewe linasema kinyume, kwamba kweli amechoka. Mambo ya namna hii mwanaisimu C. L. Baker aliyaandika kwa Kiingereza mwaka 1970, na mwanaisimu mwenzake Anna Szabolcsi akayafungua upya mwaka 2004: neno linalokataa ukanushi mmoja linaweza kutulia likiongezewa kifuniko cha pili juu yake.

Ndiyo maana kuokota sentensi barabarani, ambako wengi tunashauriana, hakutoshi. Okota, lakini andika na mazingira. Mbele ya ile nicht ziemlich ningeandika herufi S ya swali, nisingeaibika kwenye supu. Siku hizi daftari langu lina herufi tatu pembeni: S ya swali, M ya masharti, na R ya mtu anayerudishiwa neno lake. Sentensi isiyo na hata moja kati ya hizo ndiyo ninayoruhusiwa kuiga kama ilivyo.

Mama mwenye nyumba tunasalimiana mpaka leo, ingawa nilihama. Mwezi uliopita nilipita kumpelekea karafuu kutoka nyumbani. Akaniuliza kuhusu mtihani wangu wa takwimu, akasema amesikia ulikuwa ziemlich schwer. Nikamjibu, nikilikazia neno kwa sauti: "Nicht ZIEMLICH schwer. Unmenschlich schwer!" Mgumu usio wa kibinadamu.

Nilimtazama usoni kuona kama kijiwe kipo. Alicheka, akanimiminia chai, akaniuliza nilipata ngapi.