Maswali ya Wasomaji: Pasi za kisahani zinaanguka kwa nini?

SWALI: Ninafundisha michezo katika shule ya msingi hapa Goma, upande wa Himbi. Nina watoto 24 na visahani 3 vya kurusha (frisbee). Wakiwa wawili wawili wanapasiana vizuri, lakini mechi ikianza wote wanamrundikia mwenye kisahani, na pasi zinaanguka ovyo. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, umewarusha watoto mechini mapema mno. Tanguliza mchezo mdogo. Chora viwanja 3 vya hatua 20 kwa 15, kila kimoja watoto 8: watano wanapasiana, watatu wanazuia. Pasi 5 mfululizo bila kisahani kugusa chini ni pointi moja, na wahesabu kwa sauti. Mwenye kisahani hatembei. Mguu mmoja unabaki palepale, mwingine unazunguka. Anakabiliwa na mzuiaji mmoja tu, anayehesabu sekunde 5 alizonazo za kurusha (katika mechi kamili ni 10). Kila dakika 3 badilisha wazuiaji. Pointi zikianza kupatikana bila shida, ndipo uende wanne kwa wanne, si kabla.

Kurundikana kuna dawa moja: kumrudishia aliyekupa pasi hakuhesabiwi. Mrushaji atalazimika kutafuta mtu mwingine, na wale wanaosimama mbele yake wakipunga mikono watachoka wenyewe, watakimbilia penye nafasi.

Sasa mkono. Gumba juu, vidole vinne vimekunjwa chini ya ukingo. Kisahani kinachoyumbayumba kimekosa mzunguko: mtoto amerusha kwa bega, kifundo cha mkono kimelala. Kinachopaa kisha kujipindua kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia, kimetoka ukingo wa nje, ulio mbali na mwili, ukiwa juu, aushushe kidogo. Kudaka ni kwa viganja viwili, kimoja juu kimoja chini, kama anayeua mbu. Kudaka kwa mkono mmoja kunapendeza, ila kwa wanaoanza ndiko kunakomwaga pasi nyingi.

SWALI: Mawe ya volkano yamechubua visahani vyetu, vinakata vidole. Tena kuna upepo wa ziwa. Tufanyeje?

JIBU: Sugua ukingo kwa msasa laini mpaka ukucha ukipita usikwame. Kilichopasuka, kitupe. Kuhusu upepo: ukiwa usoni hukipaisha kisahani, basi kirushwe chini ya kifua kwa mzunguko mwingi. Ukiwa mgongoni hukiangusha mapema. Ukingo wa mbele uinuliwe kidogo, na kiwanja ukipunguze hadi hatua 15 kwa 10.