Rimu za 18 kwa Subaru STI na klasi ya autokrosi (mbio za kukata kona kati ya koni, gari moja moja kwa saa)

Ndugu yangu, umeuliza kama rimu za 18 kwa 9 (kipenyo inchi 18, upana inchi 9) zitakutoa klasi ya Street, ile ya magari yasiyobadilishwa sana, kwa kanuni za SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani. Zitakutoa. Inchi 18 si tatizo, kwa maana kipenyo waruhusiwa kuongeza au kupunguza inchi 1, na ofseti (umbali wa uso wa kufungia rimu kutoka katikati ya upana wake) milimita 7. Upana ndio usioguswa: kama gari lilitoka kiwandani na inchi 8, ni 8 tu. Ukiweka 9 unahamia Street Touring, klasi inayoruhusu mabadiliko zaidi, na huko wenzio washayaboresha magari hasa.

Kwa ukubwa, tairi 225/40R18 ya rimu za 18 inakaribiana sana na 225/45R17 ya rimu za 17. Kipenyo kinazidi kwa milimita 3 hivi.

Ila usifanye nilivyofanya mimi. Nilinunua tairi mbili mpya za mbele nikaacha zilizolika nyuma, kufika Mtwapa gari lanung'unika kila kona. Tofauti ya milimita 4 za meno tu ni karibu milimita 25 za mzunguko, na inayoibeba ni difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nunua nne.

Halafu pima duara la stadi (bolti za gurudumu) kabla hujalipa: STI za zamani ni 5x100, yaani stadi tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, za baadaye 5x114.3.