Usilipe nakala elfu moja Ijumaa, mkuu. Mimi nililipa

Mkuu, USILIPE. Umeuliza mwandishi wa hadithi za vijana anaishije, anaandika saa ngapi, mawazo anayatoa wapi, atumie simu au kompyuta, na kama kazi inalipa. Nitafika huko. Ila kule chini umechomekea kwamba kuna jamaa anataka milioni tatu na ushee akuchapie nakala elfu moja, na Ijumaa unampa. Nilipofika hapo chai ilinipalia.

Mimi wa kwangu nilimpa mwaka 2018. Milioni tatu na laki nne: nusu akiba, nusu mkopo wa kikoba alioukopa mke wangu kwa jina lake (hilo tuliache, nyumbani bado halijafungwa). Jamaa tulikutana naye kwenye semina ya waandishi, kavaa suti, anajiita mshauri wa uchapishaji. Hesabu yake tamu: ukichapa mia mbili, kila nakala elfu saba, ukichapa elfu moja, inashuka mpaka 3,400. Akaapa shule zitagombania. Hakusema kwamba kitabu kikitaka ithibati ya kutumika shuleni kinapitia tathmini Taasisi ya Elimu Tanzania, nami kwa ulevi wa kuona jina langu kwenye jalada sikuuliza. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, peke yake alinitoza laki na nusu kana kwamba anaifuata mwezini, kumbe inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ningeenda mwenyewe kwa daladala. Yule mtu nikimkuta kwenye foleni ya benki nahama benki. Sijiamini.

Na hayo bado ni madogo.

Maboksi yalifika saa mbili usiku, mvua inanyesha, dereva anapiga honi. Nikafungua moja, nikatoa kitabu, nikakinusa (usicheke, na wewe utanusa), nikasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikatia sahihi karatasi iliyosema nimepokea mzigo ukiwa katika hali nzuri. Kesho yake nikapeleka nakala 60 sekondari moja ya Mbagala, zote nimezisaini, nikapigwa na picha.

Siku ya tatu akaja mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, kidole kimebana katikati ya kitabu. "Anko, hivi Neema kapanda hilo daladala mara mbili?"

Nikajua hajaelewa. Nikaanza kumweleza habari za kurudi nyuma katika masimulizi. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akanionyesha: baada ya ukurasa wa 96 unakuja tena wa 81. Unasoma upya mpaka 96, kisha unaruka hadi 113. Kuanzia 97 mpaka 112 hakuna kitu, na humo ndimo Neema anamgundua aliyeiba ada. Kwa wasomaji wangu wa Mbagala yule mwizi hajakamatwa mpaka leo.

Ikoje? Karatasi moja kubwa inachapwa pande zote mbili, inakunjwa, inatoa fungu la kurasa 16. Mafungu yanapangwa, yanatiwa gundi, jalada juu. Kwangu walichapa fungu la sita mara mbili, la saba hawakuligusa. Nakala zote elfu. Faili langu lilikuwa safi kabisa, ndiyo maana nakwambia kuidhinisha faili kwenye simu si kuidhinisha kitabu! Nilipomrudia yule mshauri, akanionyesha sahihi yangu. "Hali nzuri," akasoma, na kidole juu yake.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yapotee: usitoe hela ya nakala elfu kabla hujashika nakala MOJA iliyochapwa na kubandikwa gundi, na kijana wa miaka kumi na tano akaisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Si wewe, wewe unakijua kitabu kwa moyo na jicho lako litaruka. Si rafiki yako mhariri. Kijana. Tena atakwambia na ile misimu uliyomwekea mdomoni mhusika wako ilikufa akiwa darasa la tano. Wangu aliniambia, bure, bila suti.

Kilichobaki? Maboksi mawili ni meza ya televisheni. Mengine alichukua mama wa karanga wa mtaani kwetu. Juzi nimenunua za mia mbili, nikafungua, namkuta Neema anapanda daladala. Sikujua ni ile ya kwanza au ya pili.

Haya, maswali yako. Naandika saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja kasoro, halafu nakwenda kazini kama watu wengine, na hapo umepata jibu la kama inalipa. Mazungumzo ya vijana nayaokota kituoni wanafunzi wakisukumwa na makonda. Halafu ulitaja Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile ya uandishi bunifu: hushindanisha miswada, yaani kazi ambayo bado haijawa kitabu, sanduku la vitabu halikusaidii kitu. Kuhusu simu au kompyuta... sijui, mimi nina daftari.

Alhamisi mpigie, mwambie unataka nakala moja tu, kamili, na utailipia. Akianza kukupa sababu, niambie nikutumie ya kwangu kwa basi ukamwonyeshe. Ninazo bado, chini ya televisheni.