Soseji haijapikwa, imetundikwa wiki kadhaa, mbona haiozi?

SWALI: Anti shikamoo. Mi mtu wa Tanga ila saa hizi nipo Köln, Ujerumani, na mume wangu. Jirani yetu Mturuki katuletea sucuk, ile soseji yao ya nyama ya ng'ombe yenye vitunguu swaumu na binzari nyembamba, kaitengeneza mama yake, eti haijapikwa kabisa, imetundikwa tu mpaka ikakauka. Mume wangu anakata slaisi anakula na mkate hivyo hivyo! Mi nina mimba ya miezi mitano, roho inasita. Kwa nini haiozi? Na naweza kula?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. We si umekunywa mtindi toka utotoni? Basi ule uchachu ni bakteria wanakula sukari wanatoa asidi, na kwenye sucuk wapo ndugu zao, mmoja anaitwa Latilactobacillus sakei (zamani Lactobacillus sakei), kapewa jina la sake, pombe ya mchele ya Wajapani, maana huko ndo alikokutwa kwanza. Nyama mbichi pH yake (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) ni kama 5.7 hivi, hawa jamaa wakishaanza kazi inashuka kwenye 5 au chini kidogo, jumlisha chumvi na maji yanayozidi kukauka, vijidudu vya ugonjwa vinabanwa kila upande. Tena baadhi ya hao bakteria wazuri wanatoa vijiprotini, bakteriosini, vinaitoboa listeria, bakteria mmoja wa ugonjwa, utando wake mpaka inavuja inakufa.

Ila usikimbilie kisu. Vijiprotini hivyo salmonela na E. koli, bakteria wengine wa ugonjwa, haviwatishi sana, wana utando mwingine wa nje, na E. koli wa aina ya O157 anavumilia asidi kweli kweli, mwaka 1994 kule Washington na California watu waliugua kwa salami kavu, tena ya dukani! Viwandani wanapandikiza bakteria waliochaguliwa na pH inapimwa, mama wa jirani yeye anategemea waliokuwemo kwenye nyama, siku nyingine wanakuja wazuri siku nyingine wachache (simsemi vibaya, mkono wake huenda ni mzuri). Na listeria ikibaki hata kidogo, kwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo kaanga. Slaisi nyembamba, kikaango kikavu, usitie mafuta maana yatatoka yenyewe, mekundu, geuza mpaka ziive hadi ndani, halafu vunjia mayai humo humo, Waturuki wenyewe ndo kifungua kinywa chao. We kiini kiache kigande kabisa. Na huyo mumeo naye mpakulie ya kikaangoni, ile mbichi mnyang'anye.